Kadi ya gold na begi la tatu: rivyu ya maili za ndege kwa sisi wa Dar–Guangzhou

Kama hujawahi kufungua begi sakafuni uwanja wa Baiyun, Guangzhou, usiku wa manane, foleni nzima ya Waafrika wenzako wanakuangalia, unatoa makava ya simu unahamishia kwenye begi la mkononi, unavaa jaketi juu ya jaketi na mifukoni umejaza chaja, basi hii rivyu huenda isikuguse sana. Mimi nimefanya hivyo safari saba kama sikosei. Kilo 23 ni kilo 23, yule dada wa kaunta hana utani, mizani ikisoma 25.4 anakuonesha kwa kidole tu, hasemi kitu, anasubiri.

Nauza vioo vya simu, makava na chaja Kariakoo. Mzigo mkubwa unakuja kwa meli au kwa wakala wa kago ya ndege, hilo halina mjadala, ila kuna vitu huwa nabeba mwenyewe kila safari, sampo za modeli mpya na vioo vya zile simu ambazo mafundi wanazililia wiki hiyo hiyo, ukisubiri kontena unakuta bei ishashuka. Kwa hiyo naenda China mara tatu au nne kwa mwaka, na wife anauza nguo, yeye njia yake ni Istanbul, Laleli huko. Hesabu mwenyewe viti vya ndege tunavyolipia kwenye nyumba moja. Na kwa miaka mingi maili za ndege, yaani zile pointi shirika linakupa kwa kusafiri nalo, nilikuwa naziona ni mambo ya mabosi wa mashirika ya kimataifa, wale wa laptop na koti, sisi tunaobeba mabegi ya kufungwa na selotepu hayatuhusu. Kumbe ni sisi hasa yanatuhusu.

Naanza na kosa langu ili ujue nimelipia ada. Miaka ile ya mwanzo nilikuwa nakata tiketi ya bei ya chini popote ilipo, leo shirika hili kesho lile, na kila shirika nilijiunga maana kujiunga ni bure, nikawa na kadi tatu kwenye waleti najiona wa maana. Siku nikaingia kwenye akaunti ya shirika moja, jina nalihifadhi, niangalie kama naweza kupata hata tiketi ya Nairobi, nakuta sifuri. Maili zaidi ya elfu 30 zimeisha muda wake, baruapepe ya kunikumbusha walishatuma kwenye anwani ambayo niliacha kuitumia toka nibadilishe simu. Nikapiga simu, nikaambiwa pole. Basi.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa Lubumbashi, tulikaa hoteli moja pale Xiaobei, Guangzhou, anafanya biashara ya spea. Tunarudi wote siku moja, tunafika kaunta, mimi nina mabegi mawili roho mkononi, yeye ana matatu, na hakuja kwenye foleni yetu, kaenda pembeni kule kwenye zulia, dakika kumi kamaliza. Nikamuuliza mzee umelipa ngapi, akacheka, akatoa kikadi. Nikamwambia na mimi ninazo tena tatu. Akaziangalia akanirudishia, akasema "weye uko unakusanya mavumbi."

Sasa twende kwenye yenyewe. Mashirika mengi yamejiunga kwenye vyama vitatu vikubwa. Star Alliance walianza 1997, Ethiopian aliingia mwisho wa 2011 na Turkish alishaingia toka 2008. SkyTeam ndiko aliko Kenya Airways, mwanachama kamili toka 2010. Na oneworld ndiko aliko Qatar. Maana ya chama ni kwamba ukipanda ndege ya huyu unaweza kuandikisha maili kwa yule, na ukipata ngazi ya juu kwa mmoja wote wanakuheshimu. Hapo ndipo mchezo ulipo. Huna haja ya kuandikisha maili kwa shirika unalolipanda, unaandikisha kwa shirika ambalo linakupa kadi upesi kulingana na safari zako.

Halafu jua kwamba unakusanya vitu viwili kwa wakati mmoja, na hapa wabongo wengi tunachanganya. Kuna maili za kutumia, hizi ndio kama hela, unakatia tiketi au kupandia daraja, zikitumika zimeisha. Na kuna maili za kupandia ngazi, hizi huzitumii popote, ni kama maksi tu, zinahesabiwa ndani ya kipindi fulani halafu zinafutwa. Watu wanalia na zile za kwanza, mimi nakwambia za pili ndio zenye chakula. Tiketi ya bure utaipata mara moja kwa miaka miwili labda. Begi la tatu unalipata kila safari.

Mimi niliangukia Miles&Smiles ya Turkish, ingawa safari zangu nyingi nampanda Ethiopian. Kwa miaka niliyokusanya mimi masharti yalikuwa maili 25,000 ndani ya miezi 12 unapata Classic Plus, 40,000 unapata Elite, na Elite ndiyo inahesabika kama Star Alliance Gold, ile ngazi ya juu ambayo chama kizima kinaiheshimu, tena ukishaipata inakaa miaka miwili. Hiyo miaka miwili ndio iliyonivuta. Biashara yetu unaijua, mwaka huu unasafiri mara nne, mwaka unaofuata dola imepanda au mtoto anaingia form one, unasafiri mara moja.

Hesabu zake ziko hivi. Dar mpaka Addis ni kama maili 1,100, Addis mpaka Guangzhou kama 5,000. Kwenda na kurudi unapata kama 12,200. Sasa ona balaa, safari mbili ni 24,400, yaani unaikosa Classic Plus kwa maili 600! Safari tatu ni 36,600, Elite unaiona kwa mbali inakupungia mkono. Dar mpaka Istanbul ni kama 3,400, kwenda na kurudi 6,800. China mara tatu jumlisha Istanbul mara moja ni 43,400, umefika na chenji imebaki.

Tatizo Istanbul ni safari za wife, na maili za kupandia ngazi zinamfuata aliyekaa kwenye kiti, huwezi kuchukua za mkeo ukajipandia wewe. Ikabidi nimwambie safari hii nakusindikiza Laleli. Akaniangalia. Nikamwambia ni mambo ya maili. Akasema sawa baba, maili. Mpaka leo anaamini nilienda kumchunga, na siku tatu zote nilikuwa nimekaa kwenye viti vya plastiki nje ya maduka nalinda mifuko, ila 43,400 zikatimia.

Lakini hesabu hiyo ni kama tiketi yako inatoa asilimia 100, na hapa ndipo wanapopigwa wengi. Kwenye kila tiketi ya ekonomi kuna herufi moja, ipo kwenye itinerari, watu hawaiangalii kabisa. Watu wawili mmekaa siti zimegusana, chakula kile kile, herufi zenu tofauti. Herufi moja inatoa maili zote, nyingine nusu, nyingine robo, na zipo za promosheni ambazo hazitoi kitu. Na asilimia inategemea pia unaandikisha kwa nani, herufi ile ile kwa shirika hili ni nusu kwa lile ni robo, kila shirika lina jedwali lake kwenye tovuti. Kwa robo, ile China yako ya maili 12,200 inakuwa 3,050. Utaenda Guangzhou mara 14 kwa mwaka ndio uione Elite, hapo bora uhamie tu.

Niliwahi kulizwa na wakala mmoja wa tiketi, nimeshapiga hesabu zangu zote vizuri, safari ya tatu hiyo, narudi naangalia akaunti naona imeingia robo. Nikamfuata. Anasema kaka ulitaka ya bei nafuu nikakutafutia. Na kweli nilitaka ya bei nafuu, sikuwa na cha kusema. Siku hizi nauliza kabla ya kulipa, herufi gani, na nikiambiwa "ekonomi" narudia, najua ni ekonomi, herufi gani.

Kingine majina. Passport zetu zina majina matatu, fomu za kujiunga zina nafasi ya majina mawili, wakala naye anaandika anavyojua yeye. Jina la kwenye akaunti lisipolingana na la kwenye tiketi maili haziingii, au zinaingia baada ya vita. Mimi akaunti yangu niliweka jina la kwanza na la mwisho, tiketi ikaja na la kwanza na la katikati limeunganishwa kama neno moja refu. Shirika lililonibeba siku hiyo sitalitaja, barua zikaenda zikarudi, walitaka bodingipasi, na mimi bodingipasi ya kwenda nilishaitupa Addis. Ya kurudi nililipwa, ya kwenda imekula kwangu. Kwa hiyo piga picha bodingipasi zote na usizifute mpaka uone maili zimeingia.

Sasa kadi yenyewe inakupa nini, nakupangia kwa uzito ninaouona mimi.

Begi. Wenye Star Alliance Gold wanaongezewa begi moja pale ambapo mzigo unahesabiwa kwa idadi ya mabegi, na pale unapohesabiwa kwa kilo wanaongezewa kilo 20. Kwa ekonomi ya Ethiopian njia hii mimi huwa napewa mabegi mawili ya kilo 23, kwa hiyo la tatu linanifikisha kilo 69. Kwa mtu wa benki anayeenda semina hii ni habari ya kawaida, kwa mtu wa mtaa wa Aggrey, Kariakoo, hiyo ni mtaji. Makava ya simu ni mepesi, kilo 23 za makava hebu jaza mwenyewe uone ni vipande vingapi. Safari ya kwanza na kadi nilifika kaunta na mabegi matatu moyo unadunda kama naenda kuiba, yule dada akaangalia skrini, akaangalia kadi, akafunga tagi tatu na kile kikaratasi cha kipaumbele, akaniambia asante. Nilisimama pale sekunde kadhaa nikisubiri tatizo. Halikuja.

Hicho kikaratasi nacho usikidharau, mabegi yako yanatakiwa yatoke mwanzo. Terminal 3 pale JNIA, uwanja wa Dar, nimeshatoka nje mara mbili wenzangu niliowaacha Guangzhou wakiwa wamenizidi foleni bado wanaangalia mkanda unazunguka. Mara nyingine kikaratasi kinabaki urembo tu, begi linakuja la mwisho kabisa.

Ila kadi haikuvushi TRA. Nasema hivyo kwa sababu kuna kijana aliniuliza serious kabisa. Mzigo wa biashara ni mzigo wa biashara, ushuru unalipa hata ungekuwa na kadi ya almasi. Na power bank haziingii kwenye begi la chini kwa ngazi yoyote ile, zinakaa begi la mkononi.

Launji. Unaingia wewe na mgeni mmoja, mgeni awe naye anasafiri siku hiyo na ndege ya chama. Addis ndipo inaponifaa, kwa sababu uwanja wa Bole uko juu mlimani, zaidi ya mita 2,300, na alfajiri pale baridi inakukuta na shati la Dar. Zamani nilikuwa nalala kwenye viti vya chuma nimekumbatia begi la vioo. Sasa naoga, napata injera ya moto, na kuna mama anakaanga buni pale pale anachemsha kahawa kwenye jebena, harufu tu inakuamsha. Wakati mwingine nachukua mbongo yeyote ninayemkuta getini namwambia njoo mgeni wangu. Hapo unapata rafiki wa kudumu, wawili kati yao leo ni wateja wangu wa jumla.

Foleni za chekini na kupanda ndege, sawa ni nzuri, sina mengi.

Sasa zile maili za kutumia. Ushauri wangu usinunulie vitu. Utaletewa katalogi ya masufuria na hedifoni, thamani yake unaibiwa mchana kweupe. Tumia kwa tiketi ndefu, au ile tiketi ambayo kwa hela ungeogopa kuilipa. Na jiandae, "tiketi ya bure" sio bure, kodi na tozo unalipa, na kuna mashirika wanaongeza na tozo zao juu mpaka unajiuliza hizo maili zimelipia nini. Viti vya maili navyo huwa vichache kwenye kila ndege.

Mimi zangu nilimkatia mama umra, mpaka Jeddah kupitia Addis. Nilitaka aende Ramadhani, nikatafuta wiki nzima, hamna kiti hata kimoja, nikasogeza mbele nikasogeza tena mpaka Mfunguo Sita ndio nikapata. Mama akauliza umelipa shilingi ngapi nikamwambia nimelipia kodi tu, nyingine ni pointi za safari zangu. Akauliza je hizo pointi ni halali. Nikamwambia mama ni kwa kukaa kwenye ndege tu. Akanyamaza, halafu akaenda kumuuliza shehe. Shehe alimwambia aende.

Mashirika mengine kwa ufupi, maana najua mtauliza.

Skywards ya Emirates, kama wewe wa Dubai kila mwezi, Deira na Dragon Mart, inakufaa, na flydubai nayo unakusanyia humo humo. Silver ni maili 25,000, Gold 50,000. Shida yake hawako kwenye chama chochote, kwa hiyo siku biashara ikikuhamishia Guangzhou kwa ndege nyingine kadi yako inabaki kumbukumbu. Na maili zinaishi miaka mitatu halafu zinaisha mwisho wa mwezi wako wa kuzaliwa, yaani zawadi ya bethidei ndio hiyo, weka alamu.

Qatar, Privilege Club, toka 2022 maili zao wanatumia Avios, zile zile za British Airways, unaweza kuzihamisha huku na huku. Kama una ndugu Uingereza hilo ni jambo. Na naipenda kwa kitu kimoja, Avios hazifutwi kama akaunti ina shughuli yoyote ndani ya miezi 36, ukiingiza hata kidogo tu saa inaanza upya. Ningekuwa nasafiri mara moja kwa mwaka tu ningekuwa huku, wala nisingehangaika na gold. Ngazi wanahesabu kwa Qpoints, 150 Silver, 300 Gold, 600 Platinum.

ShebaMiles ya Ethiopian wenyewe sio mbaya hata kidogo, Gold yao nayo ni Star Alliance Gold ile ile, kama unampanda Ethiopian pekee angalia jedwali lao kwanza kabla ya kunifuata mimi. Watu wa Nairobi na KQ, yaani Kenya Airways, kuweni makini na kitu kimoja, China Southern ambao makao yao ni Guangzhou walitoka SkyTeam mwanzoni mwa 2019, bado nakutana na watu wanawaonesha kadi ya SkyTeam.

Na tafadhali acha kuangalia zile video za Wamarekani. Wenzetu hii kitu wanayo toka 1981, American Airlines walipoanzisha AAdvantage, na siku hizi maili zao nyingi hata hawazipati hewani, wanazipata kwa kadi za benki, anafungua kadi anapewa maili elfu 60 kwa kununua mboga. Mwaka 1999 kuna injinia wa California, David Phillips, alinunua vikombe 12,150 vya pudding kwa dola 3,140 kwa sababu kwenye pakiti kulikuwa na promosheni ya maili, akapata zaidi ya milioni 1.2. Kwa pudding! Sisi mboga tunalipia cash au M-Pesa, hamna mtu anakupa maili kwa fungu la mchicha. Za kwetu zinatoka kwenye kiti na hicho kiti umelipia mwenyewe, kwa hiyo kila safari unayoandikisha sehemu isiyo sahihi umeitupa.

Nyota nne kati ya tano. Ile moja naikata kwa ajili ya herufi, maana mteja wa kawaida hakuna anayemwambia, mpaka alizwe.

Mwaka huu nikikosa maili za kutosha sina presha, kadi bado ina miezi 11. Canton Fair ya pili ya mwaka, yale maonesho ya biashara ya Guangzhou, inaanza katikati ya Oktoba na nimeshaulizia tiketi. Wakala ameniletea ya bei poa, nimemuuliza herufi, kaniambia, nimeangalia kwenye jedwali ni ya nusu. Nikamwambia nitafutie ya asilimia 100. Kajibu sasa hivi, "bosi ipo, ila inaongezeka dola 60." Dola 60 kwa maili 6,100. Nipo na kikokoteo hapa, na wife anapita nyuma ananiuliza kama safari hii namsindikiza tena Laleli.